Tuulizwe, Tuseme Kweli, Majibu Yarudi: Wito kwa Wakazi wa Nakwa na Mji Wote wa Babati

Ndugu zangu wa Nakwa, na ndugu zetu wa kata zote nane za Mji wa Babati,

Kila mkutano wa hadhara unapofungwa, yapo maneno yaliyosemwa na yapo yaliyobaki majumbani. Mkutanoni husema aliyepata nafasi ya kuja, akapata ujasiri wa kunyoosha mkono. Mama aliye kwenye foleni ya maji saa hiyo hayupo. Kijana wa bodaboda anayesaka hela ya siku hayupo. Bibi anayejieleza vizuri kwa Kigorowa au Kiiraqw kuliko Kiswahili huenda amekuja, akakaa nyuma, akasikiliza na kuondoka. Mwenye mgogoro wa kiwanja na mtu mkubwa kuliko yeye hawezi kuutamka mbele ya watu mia. Wote hao ni wakazi, wanalipa ushuru na ada kama wengine, na wana la kusema juu ya maji, barabara, zahanati, taka na shule.

Kwa ajili yao, na kwa ajili yetu sote, naleta ombi moja lenye sehemu tatu. Halmashauri ya Mji wa Babati itenge fedha na iajiri taasisi huru ya utafiti ituulize wakazi, nyumba kwa nyumba, kuhusu huduma tunazopata. Sisi wakazi, tukiulizwa, tujibu kweli. Na matokeo yarudi hapa Nakwa na katika kila mtaa na kijiji, yasomwe mbele yetu na yajibiwe na wenye dhamana.

Mkutano wa hadhara naupa heshima yake yote. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 ziliuweka uwe mahali pa wananchi kusikia na kusikika, na kila robo mwaka tuna haki ya kusomewa mapato na matumizi. Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, unaotumika nchini tangu miaka ya mwanzo ya 2000, nao unaanzia kwenye vikao vya chini ili wananchi waibue vipaumbele vyao. Ibara ya 21 ya Katiba yetu inampa kila raia haki ya kushiriki kikamilifu katika maamuzi ya mambo yanayomhusu yeye, maisha yake na Taifa. Ndiyo maana nasema mkutano pekee hautoshi kuibeba haki hiyo. Mkutano unamsikia aliyefika. Aliyeshindwa kufika lazima afuatwe.

Wapo watakaouliza: taasisi itawezaje kuujua mji mzima kwa kuzungumza na watu mia chache? Wakulima wa Babati wanajua jibu. Mnunuzi wa mbaazi hamwagi gunia zima chini ili ajue ubora wake. Analichoma kwa bambo, anatazama punje zilizotoka. Akichoma juu tu, anaweza kudanganywa, kwa sababu nzuri zimepangwa juu. Mnunuzi makini huchoma juu, katikati na chini. Utafiti wa wakazi ni hivyo hivyo. Kinachotakiwa ni kila nyumba iwe na nafasi sawa ya kuchaguliwa, iwe karibu na stendi au kule ambako lami haijafika.

Hesabu zake ziko wazi. Watu 400 waliochaguliwa kwa bahati nasibu wanatosha kueleza maoni ya mji mzima kwa tofauti ya takriban asilimia 5 juu au chini. Lakini ukiwagawa hao 400 katika kata nane, kila kata inabaki na watu 50, na tofauti inapanda hadi kama asilimia 14. Hapo huwezi tena kusema kwa uhakika kata ipi inapata maji kuliko nyingine. Ukihoji watu 100 kila kata, jumla 800, unaweza kuisoma kila kata kwa tofauti ya kama asilimia 10, na mji mzima kwa chini ya asilimia 4. Nayaandika haya ili siku zabuni itakapotangazwa, diwani wetu aulize swali linalotugusa: sampuli hii inatosha kutuonyesha hali ya pembezoni, au itatuletea wastani wa mji? Wastani unaweza kupendeza huku Nakwa ikiwa na kiu.

Bahati nzuri, msingi wa kazi hii umeshajengwa. Sensa ya Agosti 23, 2022 iliigawa nchi nzima katika maeneo ya kuhesabia watu, na makarani wakapita na vishikwambi mpaka kaya ya mwisho. Mwaka huo huo nyumba zetu zilipewa anwani za makazi. Sensa ilituhesabu na kutuuliza tunaishije. Haikutuuliza kama tumeridhika na huduma za mji wetu, kwa sababu hiyo haikuwa kazi yake. Kazi hiyo ni ya halmashauri.

Maswali nayo yana ufundi wake. Mtu akiulizwa, “Unaridhika na huduma ya maji?”, atajibu “ndiyo” kwa adabu, au “hapana” kwa hasira ya siku hiyo. Akiulizwa, “Wiki iliyopita bomba lilitoa maji siku ngapi? Ndoo moja uliinunua shilingi ngapi? Nani nyumbani aliyekwenda kuyafuata, na alitumia muda gani?”, jibu lake linakuwa kitu cha kufanyia kazi. Vivyo hivyo zahanati: mara ya mwisho ulipokwenda ulisubiri muda gani, dawa ulizoandikiwa ulizipata pale pale au ulitumwa duka la dawa, uliombwa chochote nje ya risiti? Na taka: gari lilipita lini, na ada unayolipa unapewa stakabadhi?

Dodoso zuri litenganishe pia wahusika. Sisi wakazi tunasema “serikali” tukimaanisha wote. Kumbe maji ya bomba mjini yako chini ya BAWASA, barabara za mitaa ni za TARURA tangu mwaka 2017, umeme ni TANESCO, na usafi, masoko, shule za msingi na zahanati ni za halmashauri. Malalamiko yakichanganywa, kila ofisi humwelekezea mwenzake kidole. Yakitenganishwa, kila ofisi inabaki na mzigo wake, na inayofanya vizuri inapata sifa yake. Maana utafiti wa haki huleta pongezi pia. Muuguzi anayetuhudumia usiku kwa moyo wote anastahili kujua kwamba tumemwona.

Kwa nini taasisi ya nje, wakati watendaji na wenyeviti tunao? Kwa sababu ya jambo ambalo kila mmoja wetu analijua. Ni vigumu kumwambia mtendaji wa mtaa, sebuleni kwako, kwamba ofisi yake inachelewesha barua. Kesho utamhitaji. Hata wahojaji wa nje hukutana na woga huo. Afrobarometer, utafiti unaofanyika nchini mwetu tangu mwaka 2001 na ambao kwa miaka mingi umesimamiwa hapa na taasisi ya utafiti ya REPOA, huwauliza wahojiwa mwishoni wanadhani nani amewatuma wahojaji, na wengi hutaja serikali. Mtu anayedhani anazungumza na serikali hupima maneno yake. Ndiyo maana mwenye kuuliza asiwe mwenye kuulizwa habari zake. Wahojaji wasifuatane na mwenyekiti wala balozi wa nyumba kumi mpaka ndani ya nyumba. Kiongozi awatambulishe mtaani, kisha awaachie kazi yao.

Nchi yetu haina upungufu wa wenye uwezo huo. Zipo taasisi kama REPOA na ESRF jijini Dar es Salaam, upo Chuo Kikuu cha Dodoma, kipo Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, kipo Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo. Zipo pia kampuni binafsi za utafiti. Anayestahili apatikane kwa ushindani wa wazi kupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, kama sheria ya ununuzi wa umma inavyotaka, na hadidu za rejea zibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata zote.

Najua neno linaloning’oja hapa. Utasikia: “Fedha hizo si bora zichimbe kisima?” Ni swali la haki, na linatoka kwa watu wenye shida ya kweli. Jibu langu ni hili. Kisima kinachimbwa mara moja, mahali pamoja, na mtu fulani huamua kichimbwe wapi. Leo mtu huyo anaamua kwa kusikia waliofika mkutanoni, au waliopiga simu, au walio karibu naye. Kila mwaka wa fedha halmashauri hugawa mabilioni ya shilingi kwa namna hiyo. Gharama ya kuuliza vizuri mara moja ni ndogo mbele ya gharama ya kujenga kizimba cha taka wasipokihitaji watu, au kununua samani wakati zahanati haina maji. Na kama bajeti ni finyu, uanzishwe utafiti mdogo wa huduma tatu tu: maji, afya na usafi.

Neno la pili ni zito zaidi: “Tumeulizwa sana, na hakuna kilichorudi.” Ni kweli. Babati imeona watafiti wengi. Mradi wa usimamizi wa ardhi wa LAMP, uliofadhiliwa na Sweden, ulifanya kazi wilayani kwa miaka mingi; mradi wa Africa RISING ulianza mwaka 2012 kufuatilia mahindi, mbaazi na mifugo katika vijiji vya wilaya. Huja pia wanafunzi wa vyuo na mashirika mengi. Mtu aliyejibu maswali kwa saa nzima, akaacha jembe lake, kisha asisikie tena habari, ana haki ya kukunja uso akiona karani mwingine getini. Uchovu huo unatibika kwa dawa moja: majibu kurudi.

Na hapa Babati tuna ushahidi wetu wenyewe kwamba wananchi wakisikilizwa, mambo hubadilika. Miaka ya mwanzo ya 1990 ulikuwapo mpango wa kuufanya msitu wa Duru-Haitemba kuwa hifadhi ya serikali kuu. Mipaka ilianza kupimwa. Wanavijiji wa Riroda, Gidas, Duru, Ayasanda, Endagwe na wenzao waliona wananyang’anywa msitu uliowapa maji, kuni, dawa na malisho, wakapinga. Badala ya kusukuma mpango mbele, maafisa walirudi na kuketi nao, na ikakubalika kwamba vijiji vinane vyenyewe viulinde msitu huo, vikajiwekea sheria ndogo na walinzi wao. Mfano huo wa Babati ulichangia kuipa nchi njia ya misitu ya vijiji, ambayo baadaye iliingia katika Sera ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Kilichoanza kama malalamiko ya wakulima na wafugaji wa wilaya hii kikawa funzo kwa Taifa, kwa sababu kuna mtu aliyeuliza, akasikia, na akarudi na jibu.

Mfano wa utafiti wenyewe tunao pia. Mwaka 2003, REPOA kwa kushirikiana na watafiti wa Norwei iliwahoji wananchi 1,260 katika halmashauri sita: Bagamoyo, Ilala, Iringa, Kilosa, Moshi na Mwanza. Waliulizwa kuhusu huduma, kodi na imani yao kwa viongozi wa mitaa. Watafiti wakarudi kwenye halmashauri zile zile mwaka 2006, na tena 2009. Kwa kurudia ndipo waliweza kuona kipi kimepanda na kipi kimeshuka. Waliona, kwa mfano, jinsi malalamiko ya ukusanyaji wa kodi yalivyopungua baada ya kodi ya maendeleo kufutwa mwaka 2003. Utafiti mmoja hukuonyesha ulipo. Unaorudiwa hukuonyesha unakokwenda.

Jirani zetu Kenya nao, mwaka 2007, waliwauliza wakazi wa Nairobi, Mombasa na Kisumu kuhusu maji, usafi na taka, kwa kufuata njia iliyoanzia Bangalore, India. Huko Bangalore mwaka 1994, kituo cha wananchi kilichoongozwa na Samuel Paul kilizipa ofisi za mji alama, kama ripoti ya mwanafunzi, kutokana na majibu ya wakazi. Alama zilikuwa za aibu, na mara ya kwanza ofisi nyingi hazikushtuka. Kituo hakikukata tamaa. Kilirudia mwaka 1999, kikarudia mwaka 2003, kila mara kikiyatangaza matokeo hadharani. Walioridhika, ambao mwanzoni walikuwa wachache mno, kufikia mara ya tatu walikuwa karibu nusu. Uvumilivu wa kuuliza tena, na ujasiri wa kutangaza, ndivyo vilivyozisogeza ofisi zile.

Basi wito wangu unakwenda kwa kila mmoja kwa nafasi yake.

Waheshimiwa madiwani na Mkurugenzi wa Mji: ingizeni kazi hii kwenye bajeti. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na vipaumbele huanza kupangwa miezi mingi kabla, kwa hiyo matokeo yawe mezani mapema, yakiwa na nafasi ya kubadilisha tarakimu. Utafiti unaokuja bajeti ikishapitishwa ni karatasi tu. Na katika mkataba wekeni sharti hili: malipo ya mwisho ya taasisi yatoke baada ya matokeo kusomwa katika mikutano ya mitaa na vijiji vyote vilivyohojiwa. Sharti hilo peke yake litafanya kazi kuliko hotuba nyingi. Matokeo yakiwa mabaya msiyafungie kabatini. Kiongozi anayesimama na kusema, “Hapa mmetupa alama mbaya, na haya ndiyo tutakayofanya”, huongezeka heshima machoni pa watu.

Kwenu taasisi mtakaopewa kazi: njooni jioni au siku ambazo watu hawako shambani, na ulizeni kwanza kalenda ya kilimo yetu. Chukueni vijana wa Babati wanaojua Kigorowa, Kiiraqw na Kirangi, muwafundishe, lakini kijana asihoji mtaa anakoishi. Ndani ya kaya msimkimbilie baba mwenye nyumba kila mara. Wanaobeba ndoo na kumpeleka mtoto zahanati wana majibu mnayoyahitaji. Siri ya mhojiwa ilindeni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023, inawabana, na hata isingekuwapo, utu ungewabana.

Wenyeviti na watendaji wetu: wapokeeni, watambulisheni, kisha waacheni. Anayelalamikiwa si adui wa maendeleo, na anayelalamika vivyo hivyo. Msiitishe kikao cha kuwaelekeza watu wajibu nini. Na baada ya utafiti asitafutwe aliyesema hili au lile.

Na sasa ninyi, majirani zangu. Tukigongewa hodi, tumwombe mgeni kitambulisho na barua ya utambulisho, kisha tumpe kiti. Tusiseme mazuri kwa hofu, wala mabaya kwa hasira. Tuseme yaliyotokea. Wazee walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mtaa unaoficha ukosefu wa maji kwa adabu utaendelea kukosa maji kwa adabu. Usiseme pia unachodhani kitaleta mradi. Ukitia chumvi, na jirani akitia chumvi, tutapangiwa bajeti kwa matatizo tusiyonayo. Usipojua jambo, sema hujui. Hakuna jibu sahihi wala kosa katika dodoso. Kuna kweli yako na yangu, na zikijumlishwa ndizo hali halisi ya Nakwa.

Kijana, msaidie bibi aelewe swali, ila jibu liwe lake. Baba, mama akihojiwa, mwache ajibu. Mwalimu, waambie wanafunzi wako kwamba takwimu ni sauti za watu zilizohesabiwa, na kwamba siku moja wao ndio watakaouliza.

Tusisubiri mtu mwingine aanze. Katika mkutano wetu ujao wa hadhara, tuombe hoja hii iwe ajenda. Iandikwe kwenye muhtasari, mwenyekiti aipeleke Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani aisimamie kwenye Baraza. Wakazi wa kata nyingine saba, fanyeni hivyo hivyo kwenu, maana hoja inayotoka pande nane za mji haipuuzwi kirahisi. Mkutano utakaofuata tuulize imefika wapi, na ule wa baadaye tuulize tena, mpaka siku tutakapoketi pamoja kusomewa tulichokisema wenyewe na kuambiwa kitafanyiwa nini, na nani, kwa fedha ipi na kufikia mwezi gani.